Simama Hapo, Inua Mikono

Ndugu wasomaji wangu, mliozoea kukuta hapa hoja za bajeti, za serikali za mitaa na za vyama vyetu, niwieni radhi leo. Nataka kuzungumza juu ya mpira wa kikapu, na hasa juu ya wale wachezaji warefu wanaocheza chini ya goli, ambao makocha wa vyuo huwatafuta kwa tochi mchana. Wapo watakaouliza: mhadhiri wa utawala wa umma ana lipi la kusema kuhusu kikapu? Ninalo moja. Ni kosa langu mwenyewe, na nimekaa nalo miaka mingi kabla ya kupata ujasiri wa kuliandika.

Mwaka 2009 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha kati kando ya barabara kuu ya TANZAM, si mbali na Tunduma. Wakati huo sehemu hizo zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya; Mkoa wa Songwe ulikuja kuanzishwa mwaka 2016. Chuo kilikuwa na uwanja mmoja wa saruji wenye nyufa, magoli mawili ya chuma ambayo pete ya moja ilikuwa imeinama upande wa kushoto, na mipira mitatu ambayo miwili ilihitaji kujazwa upepo kila tulipotaka kuitumia. Nilipewa ukocha kwa sababu mbili tu: niliwahi kucheza kidogo nilipokuwa mwanafunzi, na katika kikao cha wafanyakazi sikuwa mwepesi wa kukataa. Makocha wengi wa vyuo vyetu hupatikana kwa njia hiyo, nami sisemi hivyo ili kujitetea.

Mwaka ule akaja mwanafunzi kutoka mabonde ya Momba, kule ardhi inakoshuka kuelekea Ziwa Rukwa. Alikuja kusomea uhasibu. Alikuwa na urefu unaozidi mita mbili, na kila alipoingia bwenini ilimbidi ainamishe kichwa. Wenzake hawakukawia kumpa jina. Ilikuwa miaka ambayo minara ya simu ilikuwa ikichipuka juu ya kila kilima, kwa hiyo wakamwita Mnara. Yeye mwenyewe alilipokea jina kwa tabasamu, kwa kuwa alikuwa kijana mpole asiyependa kubishana. Hakuwahi kushika mpira wa kikapu. Kijijini kwao alikuwa golikipa.

Nilipomwona kwa mara ya kwanza sikuona mwanafunzi. Niliona kombe.

Lazima niwakumbushe hali ya wakati ule. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2009 kwa saa zetu, kule Marekani, timu ya Memphis Grizzlies ya ligi ya NBA ilimchagua Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, awe mchezaji wa pili kuchukuliwa kati ya vijana wote walioingia ligi hiyo mwaka huo. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Kijana mwenye urefu wa sentimita 221, aliyeanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alikuwa ametangulia mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Habari hizo zilifika hadi kwenye vibanda vya chai vya Tunduma, ambako kwa kawaida mazungumzo ni ya Simba na Yanga, bei ya kwacha na foleni ya malori. Kila mwalimu wa michezo nchini, nadhani, alianza kuwatazama vijana warefu kwa jicho jipya. Mimi nilikuwa na wangu tayari.

Basi nilimfundisha nini Mnara? Naweza kuyaandika mafunzo yangu yote katika mstari mmoja: simama hapo, inua mikono. Nilimweka chini ya goli letu tulipokuwa tukilinda, na chini ya goli la wapinzani tulipokuwa tukishambulia. Wenzake wakifanya mazoezi ya kudunda mpira, kupasiana na kutupa kutoka mbali, yeye alisubiri pembeni mpaka nimhitaji. Nilidhani namlinda dhidi ya mambo asiyoyaweza. Kwa kweli nilikuwa naokoa muda wangu. Kumfundisha mtu mrefu kukimbia, kugeuka na kudaka mpira huchukua miezi mingi, na mashindano ya vyuo vya kanda yalikuwa baada ya majuma tisa.

Mwanzoni mpango wangu ulifanikiwa. Katika mechi tatu za kwanza wapinzani walikuwa wakiingia eneo la chini ya goli, wanakutana na ile mikono, wanarudi nyuma na kutupa kutoka mbali bila kulenga. Tukashinda zote. Mkuu wa chuo alinipongeza mbele ya mkusanyiko wa asubuhi. Nami nikaanza kuamini kwamba najua kazi.

Mechi ya nne tulikutana na timu kutoka Mbeya mjini. Senta wao alikuwa mfupi kwa Mnara kwa kichwa kizima, lakini alikuwa mpana, mwenye mapaja kama magogo, na kwa hakika alikuwa amefundishwa. Hakujaribu kushindana na mikono ya Mnara huko juu. Alimwendea chini. Alikunja magoti, akaweka makalio yake kwenye mapaja ya kijana wangu, akamsukuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka Mnara akajikuta nyuma ya ubao. Mpira uliporudi kutoka kwenye pete, yule mfupi ndiye aliyekuwa mahali pake. Mnara alifanya lile ambalo mtu asiyefundishwa hulifanya: alimpiga mikono. Faulo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla ya mapumziko alikuwa amefikisha tano, akatolewa nje kwa mujibu wa kanuni.

Alipokuwa akija kuketi kwenye benchi nilisimama, mbele ya wanafunzi, mbele ya wageni na mbele ya dada yake aliyekuwa amesafiri kutoka kijijini kuja kumwangalia, nikapaza sauti: "Urefu wote huo wa bure!"

Watu walicheka. Hakunijibu. Aliketi, akajifunika taulo kichwani, na juma lililofuata hakuja mazoezini. Wala majuma yaliyofuata. Alimaliza uhasibu wake, akaondoka chuoni, nasi tukapoteza mashindano. Nilipoulizwa nilisema kijana hakuwa na moyo wa mchezo.

Ningeweza kuendelea kusema hivyo hadi leo kama nisingekuwa na tabia ya kufuatilia habari za Thabeet. Nilizifuatilia kama walivyofanya Watanzania wengi, kwanza kwa fahari, kisha kwa maumivu. Mwezi Februari mwaka 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka kwenye timu ya Dakota Wizards katika ligi ndogo ya maendeleo. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko hadi wakati huo. Baadaye alipitia Houston, Portland na Oklahoma City, kila mahali akicheza dakika chache. Wamarekani walianza kumhesabu kati ya chaguzi zilizoharibika. Na hapa nyumbani, kwenye vibanda vile vile vya chai, nilisikia watu wakisema maneno ambayo niliyatambua mara moja kwa sababu yalitoka kinywani mwangu kwanza: urefu wote ule wa bure.

Ndipo nikaanza kujiuliza kwa dhati: mchezaji mrefu wa chuo hutengenezwaje, na nani humtengeneza?

Nilianzia mbali. Mwaka 1942 chuo kikuu cha DePaul, mjini Chicago, kilimwajiri kocha kijana aitwaye Ray Meyer. Alimkuta mwanafunzi mmoja mwenye urefu wa sentimita 208 na miwani minene, George Mikan. Kocha wa chuo kingine alikwisha kumwona mzito wa miguu na kumshauri ashike masomo. Siku zile watu wengi waliamini kwamba mtu wa urefu huo hawezi kuwa mwanamichezo wa kweli. Meyer hakumwambia Mikan asimame hapo na kuinua mikono. Alimrusha kamba. Alimpigisha ngumi za hewani kama bondia. Alimtafutia mwalimu wa kumfundisha kucheza dansi, ili miguu yake ijue kusikilizana. Kisha akamweka chini ya goli na mpira mmoja: tupa kwa mkono wa kulia kutoka upande wa kulia, udake kabla haujagusa chini, vuka, tupa kwa mkono wa kushoto kutoka upande wa kushoto, rudia, mara mamia kila siku. Zoezi hilo bado linafanywa duniani kote na bado linaitwa kwa jina la Mikan. Yule aliyeonekana mzito alikuja kuiongoza Minneapolis Lakers kutwaa mataji matano ya ligi iliyokuja kuwa NBA.

Zingatieni, wasomaji, vifaa vya zoezi hilo: mpira mmoja na pete moja. Chuo chetu kilikuwa na mipira mitatu na pete mbili.

Nikasoma pia habari za Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, alipokuwa mwanafunzi wa UCLA chini ya kocha John Wooden. Mwaka 1967, baada ya msimu wake wa kwanza kuitawala michezo ya vyuo, wakuu wa michezo hiyo walipiga marufuku kudanki, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976. Kama urefu ungekuwa ndio kila kitu, kanuni hiyo ingemmaliza. Lakini mazoezini alikuwa akikabiliwa na msaidizi wa kocha aliyeinua ufagio ili kumzibia njia, naye akajifunza kuupitisha mpira juu ya ufagio kwa mkono mmoja, akiwa amegeukia ubavu. Mtupo huo wa ndoano ndio uliomlisha kwa miaka 20 katika NBA. Ukimnyima mtu aliyefundishwa silaha moja, atakuwa na nyingine.

Kisha nikaja kwa jirani zetu. Mwaka 1987 kijana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alifika Chuo Kikuu cha Georgetown jijini Washington kwa ufadhili wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Kocha wake alikuwa John Thompson, naye mwenyewe alikuwa mtu mrefu aliyewahi kucheza kama akiba ya Bill Russell pale Boston Celtics. Thompson alijua kwa mwili wake mwenyewe shida za mtu mrefu. Alikwisha kumlea Patrick Ewing, na wakati wa Mutombo alikuwa naye pia Alonzo Mourning, hivyo kila siku warefu wawili walisuguana mazoezini. Mutombo alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akacheza NBA misimu 18, akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ikafunguliwa Kinshasa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Hadi hapo nilikuwa nimejipatia jibu rahisi: kocha mzuri hutengeneza mchezaji mzuri, kocha mbaya kama mimi huharibu. Lakini mfano wa Thabeet mwenyewe haukunikubalia. Yeye hakufundishwa na mkufunzi wa chuo cha kati mwenye mipira isiyo na upepo. Alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut kwa miaka mitatu, tangu 2006 hadi 2009, chini ya Jim Calhoun, kocha aliyekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1999 na 2004. Na mtu asiseme hakujifunza kitu huko. Wastani wake wa pointi uliongezeka kila mwaka: 6.2, kisha 10.5, kisha 13.6. Katika mwaka wa tatu alidaka ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kwa kila mechi, akawa mlinzi bora wa ligi ya Big East kwa mara ya pili mfululizo, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Kwa kijana aliyeanza kushika mpira akiwa na miaka 15, hiyo ni kazi kubwa, ya kwake na ya walimu wake.

Tena, Calhoun huyo huyo, katika chuo hicho hicho, miaka michache kabla alikuwa amemfundisha Emeka Okafor, kijana wa Houston mwenye wazazi kutoka Nigeria. Okafor naye alichaguliwa wa pili katika NBA, mwaka 2004, na mwishoni mwa msimu wake wa kwanza akatunukiwa kuwa mchezaji mpya bora. Kocha mmoja, chuo kimoja, nafasi ya uchaguzi ile ile, na njia mbili tofauti kabisa. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni kwamba kocha wa chuo hupokea alichoandaliwa na wengine. Okafor alikulia katika mji wenye viwanja, ligi za watoto na walimu wa mchezo tangu utotoni. Thabeet alikulia katika nchi ambayo kikapu ni mchezo wa shule chache za mijini, na kabla ya kuingia chuo kikuu alikuwa na miaka michache tu ya mchezo. Miguu ya mchezaji mrefu ni kama hati ya mwandiko: hufundishika vizuri zaidi mapema, na anayechelewa kuanza hulazimika kufikiri kuhusu kila hatua wakati wenzake wanafikiri kuhusu mchezo.

Sehemu ya pili ndiyo inayonichoma, kwa sababu inanihusu. Kocha wa chuo ana haja ya kushinda leo. Akimpata mtu mrefu anayeweza kuzuia mitupo, njia ya haraka ya kushinda ni kumwachia azuie mitupo, na kuwaachia wengine kazi ya kufunga. Timu inashinda, mchezaji anasifiwa, mapungufu yake yanafichwa na mfumo uliojengwa kumzunguka. Wachambuzi wengi waliona kwamba Thabeet aliingia NBA akiwa na mbinu chache za kufunga akiwa amelipa goli mgongo. Dalili zilikwisha kuonekana. Mwezi Februari 2009 Connecticut, ikiwa ya kwanza katika orodha ya ubora, ilifungwa na Pittsburgh, na DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa takriban sentimita 20, alipata pointi 22 na ribaundi 23. Blair alimwendea Thabeet kwa chini, kwa magoti na makalio. Niliposoma habari za mechi hiyo niliweka karatasi mezani. Nilikuwa nimeiona mechi hiyo kwa macho yangu, kwenye saruji yenye nyufa.

Simlaumu Calhoun, kijana alibaki kwake miaka mitatu, na alimtoa akiwa bora kuliko alivyomkuta. Wala siwezi kusema kwamba Memphis walimpa nafasi ya kukua: aliwakuta Marc Gasol na Zach Randolph wakishikilia eneo la chini ya goli, naye akacheza wastani wa dakika 13 tu kwa mechi. Ninalosema ni kwamba ushindi wa leo unaweza kuwa deni analolilipa mwanafunzi kesho. Kocha akishinda, kombe linabaki chuoni. Mchezaji akiondoka, anaondoka na kile tu alichofundishwa.

Mwaka 2023 nilikuwa Tunduma kwa shughuli za utafiti kuhusu huduma za mpakani. Wanaoifahamu Tunduma wanajua foleni ile: malori yamejipanga kandokando ya barabara, mengine yakielekea Zambia na Kongo yakiwa na mafuta na bidhaa za bandarini, mengine yakirudi na shaba kuelekea Dar es Salaam, na kati yake wauza mahindi ya kuchoma, wabadilisha fedha na mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani. Nilisikia sauti nyuma yangu: "Shikamoo mwalimu."

Nilipogeuka ilinibidi niinue uso. Nikaitika marahaba. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za pembeni zilianza kuwa na mvi. Ni dereva wa lori. Ana mke na watoto watatu Mlowo. Tulinunua chai, tukaketi juu ya makreti ya soda kwenye kivuli cha lori lake. Tulizungumza habari za watoto na za barabara. Mwishowe nilishindwa kuvumilia, nikamwomba radhi kwa neno lile nililomtupia mbele ya dada yake.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole wake ule ule: "Mwalimu, neno lile lilipita. Watu warefu tumezoea kuchekwa. Ila nilitaka kukuuliza siku nyingi: mtu akikusukuma vile kwa chini, unafanyaje? Siku ile nilikuwa nasubiri uniambie."

Nawaambieni, katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kuulizwa swali lililonifedhehesha kama hilo. Kumbe kijana alipokuwa akija kwenye benchi hakuwa anakimbia aibu. Alikuwa anakuja kwa mwalimu wake na swali. Na swali lilikuwa na jibu. Kila kocha aliyesomea kazi hiyo analijua. Unatanua miguu kuliko mabega. Unakunja magoti mpaka kiuno chako kiwe chini ya kiuno cha anayekusukuma, kwa maana nguvu haitoki mikononi bali ardhini. Unaweka mkono uliokunjwa kiwikoni mgongoni mwake ili ujue anaelekea wapi. Unampokea mapema, hatua mbili mbali na goli, kabla hajapata mahali. Akitupa, unaruka wima mikono ikiwa juu, wala huipigi chini, maana mwamuzi huangalia mikono inayoshuka. Mpira ukirudi, unamzuia kwanza kwa mgongo, ndipo unautafuta mpira. Na ukiupata, usiushushe. Uweke juu ya kidevu, ambako wafupi hawafiki.

Nilisimama pale kati ya malori, mtu mzima mwenye suruali ya kitambaa na kitambulisho cha utafiti shingoni, nikamwonyesha. Naye akasimama. Akatanua miguu, akakunja magoti, nami nikamwegemea na kumsukuma kwa bega langu lote. Hakusogea. Utingo wake aliyekuwa akituangalia alicheka sana. Mnara akabaki amejikunja vile kwa muda, kama anayesikiliza kitu miguuni mwake, kisha akasema: "Kumbe ni hivyo tu."

Foleni ikasogea. Akaniaga, akapanda lori lake, akavuka kwenda Nakonde.

Kumbe ni hivyo tu. Jibu lilihitaji dakika tano. Lilihitaji pia mwalimu anayejua kwamba hajui, na aliye tayari kujifunza kabla ya kufundisha. Ndiyo maana nimeileta habari hii hapa, mbele ya wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma. Ofisi zetu zimejaa akina Mnara. Tunampata kijana hodari wa kompyuta, tunamketisha kwenye mashine ya kuchapa barua kwa miaka sita kwa sababu barua zinatakiwa leo. Tunampata binti mwenye sauti ya kuhutubia, tunamfanya msherehesha wa kila hafla na hatumpi nafasi ya kujifunza kuandaa sera. Tunawaweka watu mahali wanapotufaa, tunawaambia wasimame hapo na kuinua mikono, na siku wanapokutana na jambo ambalo hatukuwaandaa nalo, tunapaza sauti mbele ya watu kwamba vipaji vyao vilikuwa vya bure.

Kwa maafisa michezo wa wilaya na mikoa nina ombi moja mahususi, wala halihitaji bajeti kubwa. Mnapoandaa michezo ya shule na vyuo, msihesabu makombe peke yake. Pitieni mazoezini, mtafute yule mwanafunzi mrefu kuliko wote, mwone anafanya nini wenzake wanapodunda mpira. Kama amesimama pembeni akisubiri kuitwa, msimzungumze yeye. Mzungumzeni kocha wake. Mwambieni kuhusu mpira mmoja na pete moja, kulia na kushoto, mara mamia kila siku.

Na kwa wakufunzi wenzangu vijana mliopewa ukocha kwa kuwa hamkuweza kukataa katika kikao: kubalini, lakini siku hiyo hiyo tafuteni mtu wa kuwafundisha. Mwanafunzi wenu akitolewa nje kwa faulo tano na kuja kuketi kando yenu, kabla hamjafungua kinywa, jiulizeni ni swali gani amekuja nalo.